Msizikate Nyayo za Mzee Khisa

Nekesa, ujumbe wako nimeusoma. Nimeusoma mara kadhaa nikiwa hapa nje ya nyumba yangu Tuwan, mjini Kitale, miwani ikinishuka puani. "Sasa shosh. Ile rekodi ya Mzee Khisa bado unayo? Tunaitaka ya hafla yake. Hiyo part ya mwisho haina kitu, tutaikata." Shosh, nyanya yenu, ni mzima, alhamdulillahi, ni magoti tu yanayonigomea. Rekodi ninayo na nitaileta. Lakini kuhusu hiyo sehemu ya mwisho mnayosema haina kitu, wewe na wenzako wa chama cha sanaa hapo chuoni itabidi mnivumilie. Sipendi kujibu jambo zito kwa kidole gumba.

Mimi nilikuwa mtu wa ukumbi. Barua ya ajira ilinipa cheo kirefu, ila kazi yenyewe ilikuwa viti, maiki na maji ya mgeni. Kila mhadhara, kila tamasha la ngoma, kila maonyesho ya picha pale chuoni Bungoma, niliyefungua mlango ni mimi na niliyeufunga ni mimi. Nilitoka Kitale nikiwa mwanamke kijana wa mjini, nimelelewa ng'ambo ya pili ya barabara kutoka msikitini, na Kibukusu changu chote kilikuwa salamu ya "mulembe" na bei ya mboga. Nilidhani ukumbi ni ukumbi tu. Unapanga viti, unawasha spika, unaenda zako.

Aliyenitoa ujinga huo alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Naitiri, aliyekuwa msimamizi wa ukumbi kabla yangu. Huyu mzee alikuwa mrefu, mkimya, na herufi za l na r kwake zilibadilishana nguo zipendavyo. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye meza ya mitambo, hedifoni masikioni, nikijiona fundi hasa. Akaja akanivua ile hedifoni taratibu kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Mwanaidi, hapa unasikia mashine," akasema. "Enda kaa kire kiti cha nyuma kabisa. Huko ndiko utasikia watu."

Nikaenda. Kumbe kule nyuma sauti ya mgeni ilikuwa inafika imechoka, maneno yameliwa nusu. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kuanza hafla bila kukaa kwanza kiti cha nyuma kabisa. Nanyi, kabla ya kuniuliza kitu chochote kuhusu mashine zenu mpya, niambieni kama mmekaa huko nyuma.

Alinifunza na mambo ya mvua. Mnalijua paa letu la mabati. Ikifika alasiri wingu linashuka kutoka upande wa mlima, na mvua ikianza kugonga pale juu hakuna msomi anayesikika. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa naongeza sauti ya spika. Mhadhiri naye anaongeza ya koo, mimi naongeza tena, mwishowe ukumbi mzima unakuwa kama soko la ng'ombe. Barasa alinikataza. Mvua ikija, alisema, punguza. Ukipunguza watu watainama mbele wasikilize, na asiyetaka kuinama hakuja kusikiliza. Kuna profesa mmoja wa historia ambaye hakunisamehe kwa hilo. Alidhani nimemzima makusudi, na kila tulipokutana kwenye foleni ya chai alikuwa ananiita "yule mama wa swichi".

Mpiga litungu, kinubi cha Wabukusu, naye nilimkosea. Nilimwekea maiki mdomoni kama mwimbaji wa bendi, Barasa akaja akaishusha hadi kwenye ngozi ya ala yenyewe, akamwachia mdomo wake bila kitu. Nyuzi zikajaa ukumbi. Yule mpigaji hakuinua hata macho, ila niliona mabega yake yakilegea, nikajua sasa amefika nyumbani.

Na kulikuwa na kile kiti cha mlangoni. Hata ukumbi ukifurika, hata wanafunzi wakae sakafuni, Barasa alikuwa anaacha kiti kimoja kitupu karibu na mlango. Nilimuuliza ni cha nani. Akasema ni cha yule anayetoka mbali na atakuja amechelewa. Nilimcheka. Lakini karibu kila hafla alikuwa anakuja mtu wa namna hiyo, mzazi kutoka Lwakhakha mwenye vumbi hadi magotini, au mama aliyefunga duka lake kwanza. Anaingia kwa aibu, anakuta kiti.

Basi sasa nifike kwa Mzee Khisa.

Nyinyi mlimjua akiwa mzee wa kualikwa kwenye picha. Kazi yake hasa ilikuwa kusema kumuse. Wanaotoka Bungoma wanielewe, na walio wageni kama nilivyokuwa mimi niwaeleze. Akifa mzee wa heshima, na si kila mzee, baada ya kuzikwa watu wanakusanyika asubuhi uwanjani kwake, wanakaa chini. Anakuja mfariji na joho lake na fimbo yake, anatembea katikati ya watu, anakwenda na kurudi, anasema. Anasema ukoo ulikotoka, anasema marehemu aliishi vipi, anawasema waliobaki kama kuna wa kusemwa. Na akiwa anatembea, hakuna anayesimama. Hakuna anayekatiza njia yake. Hata mtoto akilia, mama yake anamfunika nguo na kubaki palepale.

Dokta Nasimiyu, aliyeongoza idara ya utamaduni miaka hiyo, alikuwa na hofu moja tu maishani. Aliogopa kwamba maneno yale yataisha. Upande wetu huu alibaki Mzee Khisa peke yake, vijana wa ukoo wake walikuwa Nairobi wakiuza simu, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukoroma. Dokta alitaka sauti yake ihifadhiwe kabla haijakatika. Kwa hiyo wiki ya utamaduni alimwalika aje aseme kumuse ukumbini. Niliweka maiki mbili na nikapanga viti kwa duara, mstari nyuma ya mstari. Barasa, aliyekuwa amestaafu na kukonda vibaya, alikuja kama mgeni, akakaa mstari wa mbele.

Mzee Khisa aliingia akiwa amevaa koti la kawaida. Joho hakuja nalo. Akasimama katikati ya duara, akatutazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza. Nani amekufa hapa?"

Dokta akasimama, mikono ameikunja mbele kwa heshima. "Papa, hakuna aliyekufa. Tulitaka watoto wasikie tu. Ni ya kufundisha."

"Mimi nikitembea bila mtu amekufa, ninamwita wa kufa," akasema Mzee Khisa. "Sasa nimwite nani? Wewe? Ama huyu mama wa mashine?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimekaa kule nyuma kwenye mitambo, na nakumbuka nilizima maiki zote mbili bila kujua kwa nini nimezizima. Ndipo Barasa akainuka kutoka kiti chake, akishika cha jirani kwa mkono mmoja.

"Basi sema yangu," akasema. "Mimi niko njiani. Daktari amenieleza."

Sikuwa najua. Alikuwa hajaniambia. Nilikasirika naye kwa kunificha jambo hilo na kulitoa mbele ya umati.

Mzee Khisa akamgeukia. Walikuwa wamefahamiana tangu wakiwa vijana. "Barasa, wewe bado unakura ugali," akasema. "Kaa chini." Kisha yeye mwenyewe akavuta kiti, akakaa, na akazungumza akiwa amekaa, juu ya mababu zake waliofanya kazi hiyo na jinsi anavyojiandaa. Neno moja la kumuse yenyewe hakulisema.

Ilipokwisha, Barasa aliwaita Dokta na Mzee Khisa pamoja, mimi nikiwa nakunja waya pembeni yao. Akawaomba wapatane mbele yake. Siku yake ikifika, Mzee Khisa aje Naitiri, na chuo kije na mashine. Mzee Khisa akafikiri, akakubali kwa masharti. Mashine iwe moja. Simu zote ziachwe kwenye gari, kwa sababu amechoka na vijana wanaokatiza mbele yake kupiga picha. Barasa akanigeukia.

"Mwanaidi ndiye atareta mashine," akasema. "Asiguse mwingine."

Nikamwahidi. Nilitaka kumwambia na mengine lakini nilikunja waya.

Barasa alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Tulienda na basi la chuo, Dokta, wanafunzi wake na mimi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na uwanja wake ulikuwa laini. Niliomba ruhusa, nikachomeka stendi ya maiki upande wa kaburi, pale ambapo Mzee Khisa angepita karibu zaidi, na rekoda nikaifunga kwenye stendi hiyohiyo. Nikaishindilia kwa mguu. Nikaijaribu, ilikuwa imara. Kisha nikaonyeshwa pa kukaa, upande wa pili kabisa pamoja na wanawake, na uwanja wote ukiwa kati yangu na ile maiki. Upande ule walikaa wazee wa ukoo.

Sisi Waislamu tunamzika mtu wetu haraka na tunarudi nyumbani na dua. Nilipomzika baba yangu kule Kitale kila kitu kilikuwa kimya. Sikuwa nimewahi kuona huzuni ikisimama wima na kutembea mbele ya watu mchana kweupe. Mzee Khisa alipita na joho lake, fimbo begani, na kile kifua kinachokoroma sijui alikiacha wapi siku hiyo. Alisema kwa Kibukusu, na mwanafunzi aliyekaa karibu nami alinong'ona akinitafsiria. Alianza na ukoo. Akaja kwa Barasa mwenyewe. Akasema huyu mtu maisha yake yote aliwapangia wengine mahali pa kukaa, na leo ninyi nyote mmekaa kwa sababu yake. Nililia hapo. Sikujificha.

Hapo ndipo nikaona stendi imeanza kuinama.

Iliinama polepole. Ardhi ilikuwa inaiachia kidogo kidogo. Nilijua kabisa kitakachotokea, maana ndiyo kazi yangu kujua. Dokta Nasimiyu, aliyekaa mbele yangu, naye aliiona. Akageuka akanitazama. Macho yake yalisema nenda. Huenda ingenichukua muda wa kuvuta pumzi chache tu, kuvuka, kuisimamisha, kurudi. Wale wazee waliokaa karibu nayo hakuna aliyegeuza hata shingo.

Nilimwahidi Barasa. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Mtu aliyenifunza kazi alilala pale chini, alinipa kazi moja ya mwisho, na niliiona ikianguka mbele ya macho yangu. Nikainua goti moja kutoka ardhini. Mzee Khisa akawa anakuja upande wetu, na nyuma yake watu wote wale, wajane, wajukuu, wazee wenye miguu iliyokufa ganzi, hakuna hata mmoja aliyejisogeza. Mtoto mmoja alikuwa ameketi kwenye maji ya mvua na hakuondolewa. Nikajiuliza Barasa angetaka nini, na nikajua kwamba jibu lipo kwenye kile kiti cha nyuma. Alinituma nikasikie watu.

Nikarudisha goti chini. Stendi ikaanguka kwenye nyasi.

Mzee Khisa aliendelea hadi jua likawa kali. Alipomaliza na watu wakainuka, Dokta alinijia.

"Mama Mwanaidi, uliona ikianguka?"

"Niliona."

"Na ukakaa?"

"Nilikaa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alienda moja kwa moja kwa Mzee Khisa aliyekuwa anapewa maji, akamsihi arudie hata kidogo, hata akiwa amekaa. Mzee akarudisha kikombe. "Barasa amezikwa mara moja," akasema. Basi safari yote ya kurudi Bungoma Dokta alikaa kiti cha mbele akitazama nje, mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa nimepakata rekoda na sikuthubutu kuisikiliza. Nilijiona nimewasaliti wawili kwa siku moja, aliyekufa na aliye hai.

Kesho yake asubuhi nilifungua ukumbi, nikakaa kiti cha nyuma, nikavaa hedifoni. Mwanzo wote upo, mnaujua, ndio mnaoupenda. Ukoo upo, na yale maneno ya kupanga mahali pa kukaa yapo. Kisha kuna kishindo, maiki inaanguka kifudifudi, na maneno yanazama. Nilinyoosha mkono nizime. Sikuzima. Kwa sababu ile maiki ilikuwa imelala chini, na kilichokuwa kinapita juu ya nyasi zile ni miguu ya Mzee Khisa. Anakuja, inakuwa mizito, inapita karibu kabisa mpaka unasikia maji yakitoka kwenye udongo, kisha anakwenda mbali. Kimya. Kisha anarudi. Na katika kile kimya hakuna kikohozi, hakuna mtu anayejikuna, hakuna chochote. Ni umati mzima umekaa kwa ajili ya mtu mmoja.

Dokta aliingia akanikuta hivyo. Nikampa hedifoni. Alisikiliza amesimama, halafu akatafuta kiti. Alikaa nayo hadi mwisho.

"Huyu ni yeye anatembea," akasema.

"Ndiye."

"Mimi nilikuwa nafuata maneno," akasema, na machozi yakamtoka tena, ila mkono wake ulikuwa umeshika wangu. Baadaye aliwakusanya wanafunzi wake, kila mmoja aseme anachokumbuka kutoka ile sehemu iliyozama. Wakabishana vibaya sana. Mmoja akisema alimsema mwana mkubwa wa marehemu, mwingine anasema hapana, alimsema ndugu yake. Mzee Khisa alipopelekewa habari hizo alifurahi. Alisema wacha wabishane, hiyo ndiyo inaitwa kusikia.

Nekesa, mwezi uliopita nilikuja Bungoma kumzika Mzee Khisa, na mliniona nimekaa na wanawake. Mnajua alivyozikwa. Palikuwa na mahubiri mazuri, palikuwa na kwaya, mbunge akatuma mwakilishi. Siku zilizofuata nilisubiri nisikie kwamba watu wameitwa asubuhi uwanjani kwake. Hawakuitwa. Nilimuuliza binti yake kwa nini, akanijibu kwa upole tu: "Mama, wa kusema si ndiye tumezika?"

Hilo limekaa kifuani mwangu tangu siku hiyo. Mtu alitembea kwa ajili ya wafu wa watu wengine maisha yake yote, na siku yake hakuna aliyetembea kwa ajili yake.

Sasa mnajua kwa nini nasema msikate. Najua vijana hamuwezi kukaa na kimya, mtadhani spika imeharibika. Iacheni. Yale maneno ya mwanzo yalikuwa ya Barasa, na Barasa alishasemewa. Zile nyayo hazikutaja jina la mtu. Zikiingia ukumbini, zitatembea kwa ajili ya mwenyewe, Mzee Khisa, na wakati huu aliyekufa yupo.

Pangeni viti kwa duara na katikati muache wazi. Simu ziwekwe kwenye kikapu nje. Spika ziwekeni chini sakafuni, si juu ya stendi, ili nyayo zisikike zikitoka chini. Mvua ikianza, mpunguze. Na zikianza zile nyayo, asisimame mtu, hata mkuu wa chuo akitaka kutoka mwambieni asubiri. Magari ya kutoka Kitale nayajua, na magoti yangu nayajua, huenda nikachelewa. Niachieni kile kiti cha mlangoni.